Filamu ya rangi ni mazao ya kuharibika

Sisi watu wa agronomia, tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kugawa mavuno mafungu mawili: yenye kungoja na yasiyongoja. Mahindi ukiyakausha muzuri yanakungoja mpaka msimu mwingine. Nyanya haikungoji: siku tatu za joto ndani ya kikapu, na pesa yako imekwisha kuwa maji. Sasa, bandugu, filamu ya rangi, ile pelikili ambayo wapiga foto wa mji walitumia kwa arusi za wazazi wetu, iko upande wa nyanya. Wengine watacheka, lakini historia yake yote njo hiyo. Na inatugusa sisi, juu picha nyingi za rangi za familia zetu, kabla ya dijitali kuingia, zimelala juu ya kitu hiki.

Tuanze na vile imetengenezwa. Utepe wenyewe, unene wake karibu milimeta 0.13 kwa filamu ndogo ya milimeta 35, unatoka mu miti ao mu pamba: ni selulosi iliyochanganywa na asidi ya siki. Juu yake wanapaka jelatini, na jelatini ni mifupa na ngozi ya ng'ombe iliyopikwa. Ndani ya jelatini kunatawanywa vipunje vidogo sana vya chumvi ya fedha (fedha ya pete, si ile ya kulipa minerval), na hivyo njo vinapokea mwanga. Mti, ng'ombe na madini. Kiwanda cha filamu ni kama shamba lililofungiwa ndani ya giza.

Ng'ombe gani, na alikula nini? Swali hilo karibu limwangushe George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, mapema kabisa. Mwaka 1882 sahani zake za kupigia picha zilianza kuharibika bila sababu ya kuonekana. Akasimamisha kazi, akavuka bahari mpaka Uingereza, na mwisho akakuta shida iko ndani ya jelatini aliyonunua. Maelezo ya kemia yalikuja tu miaka ya 1920, wakati Samuel Sheppard wa maabara ya Kodak kule Rochester alipoonyesha kwamba jelatini fulani inafanya filamu iwe kali kwa mwanga juu iko na kiasi kidogo mno cha salfa. Salfa hiyo ilitoka kwenye haradali ambayo ng'ombe walikula malishoni. Ukoo wa kabichi, Brassicaceae, ule ule tulioukariri kwa mtihani! Tangu siku hiyo salfa ikaanza kupimwa na kutiwa kwa makusudi, haikuachwa tena kwa bahati ya ng'ombe.

Vipunje vya fedha navyo vinakomazwa. Kwa Kifaransa wanasema maturation, neno lile lile la ndizi. Kipunje kikubwa kinakamata mwanga mwingi lakini kinaonekana kwenye picha kama muchanga. Kipunje kidogo kinatoa picha laini lakini kinataka jua la kutosha. Namba unayosoma kwenye boksi, 100, 160, 400 ao 800, inaeleza ukali huo.

Kwa rangi, kazi inakuwa mara tatu. Tabaka la juu linapokea mwanga wa buluu na kuzaa rangi ya manjano. La katikati linapokea kijani na kuzaa majenta. La chini linapokea nyekundu na kuzaa siani, ile buluu inayoelekea kijani. Kila rangi imegeuzwa kinyume, njo maana tunasema negativu: kitambaa chekundu cha mama kinaonekana siani kwenye utepe, na karatasi ya picha inakigeuza tena kuwa chekundu. Kodachrome ya 1935 haikuwa negativu, na ginsi ya kuiosha ilikuwa ngumu hivi kwamba filamu ilirudishwa kwa Kodak wenyewe. Negativu ya rangi ya kuuzia watu wote, Kodacolor, Kodak iliitoa 1942.

Waliowahi kushika negativu ya rangi wanajua iko na uso wa chungwa. Wengi wanafikiri ni uchafu ao uzee. Hapana, ni akili ya hali ya juu. Rangi zile tatu haziko safi: majenta inakula kidogo mwanga wa buluu ambao haikupaswa kugusa, siani inakula kidogo kijani. Picha inatoka chafu. Wesley Hanson, mkemia wa Kodak, hakutafuta rangi safi zaidi, juu hazikuwako. Alifanya zile kemikali zenye kuzaa rangi ziwe na rangi zenyewe tangu mwanzo, na pale majenta ao siani inapozaliwa, rangi ile ya mwanzo inatoweka kwa kipimo sawa na uchafu ulioingia. Hivi uchafu unabakia sawasawa fasi yote, kama pazia moja la chungwa, na mashine ya kuchapa inaondoa pazia lote kwa filta. Kosa lisiloondoka, ulifanye liwe sawa kila pahali, kisha ulitoe kwa mara moja. Mimi naona hiyo inapita uvumbuzi mwingine wote wa historia hii. Iliingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1940.

Mwaka 1972 Kodak ikaleta utaratibu wa kuosha unaoitwa C-41, na viwanda vingine vikaufuata. Mpaka leo hii labo yoyote duniani inaosha negativu ya rangi hivyo: dawa ya kwanza kwa joto la digrii 37.8, dakika 3 na sekunde 15, na joto lisipande wala kushuka kupita digrii 0.15. Yaya ya mtoto mchanga haipimi maji ya kuoga kwa ukali namna hiyo. Dawa zinazofuata zinaondoa fedha yote, na labo nyingi zinaikusanya na kuiuza. Kinachobakia ni rangi tupu. Hapa njo tofauti na picha ya weusi na weupe: ile inabakia na fedha yenyewe, ni chuma, inaweza kupita miaka 100. Ya rangi inabakia na molekuli za organiki, na molekuli hizo zinavunjika zenyewe, polepole kwenye baridi na mbio kwenye joto.

Sasa filamu ya professional. Watu wanafikiri ni ile "nzuri zaidi", kama vile hoteli ya nyota tano. Tofauti kubwa ya zamani ilikuwa ni kipindi cha kuvunwa. Filamu ikitoka kiwandani inaendelea kukomaa, na matabaka matatu hayakomai kwa mwendo mumoja, kwa hiyo uwiano wa rangi unahama. Filamu ya watu wote ilitengenezwa ikiwa mbichi, kama mkungu unaokatwa kijani ili uive njiani na dukani. Kiwanda kilijua itakaa miezi mingi kwenye rafu. Filamu ya professional ilitoka ikiwa imeiva tayari, na kazi ya muuzaji na mpiga picha ilikuwa kuisimamisha hapo hapo: digrii 13 ao chini, ndani ya boksi lisilofunguliwa, na kuosha upesi baada ya kupiga. Kodak Vericolor II ya miaka ya 1970 iliuzwa kwa aina mbili, S kwa mwanga wa jua na flashi, L kwa taa za studio na mwanga wa kungoja kirefu. Mwaka 1998 ikaja Portra, jina lenyewe linaonyesha kazi: uso wa mtu. Filamu za siku hizi ziko na uvumilivu zaidi, lakini sheria ya baridi haikufa.

Baridi nayo iko na mitego yake. Ukitoa filamu ku frigo na kufungua boksi papo hapo, mvuke wa hewa unageuka matone juu ya jelatini, sawa chupa ya bia mezani. Inafaa kungoja saa moja ao zaidi, boksi ikiwa bado imefungwa. Na unyevu ukikaa, kuvu inaingia, juu jelatini ni chakula. Mtu wa phytopathologie akitazama negativu ya zamani kwa hadubini anajisikia nyumbani.

Sasa leta sheria hii ya digrii 13 kwetu. Bukavu, karibu mita 1500 juu ya bahari, tuko na bahati, filamu inapumua. Shuka Uvira, karibu mita 780 kando ya Tanganyika, ao nenda Kindu, ni hadithi nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa na studio hapa mjini alinieleza kwamba filamu zake zilikuwa zinalala ndani ya frigo ya bibi yake, katikati ya sombe na Fanta, na kila umeme ukikatika kirefu alikuwa anakimbia kutumia zile za 400 kwanza, juu filamu kali njo inazeeka mbio. Hakuna mtu aliyemsomesha hiyo. Alisoma kwa hasara.

Kilichobadilisha mambo ni mashine ndogo ya kuosha na kuchapa. Noritsu ya Japani iliitoa 1979, na miaka ya 1980 ikasambaa mu miji mikubwa ya Afrika. Mbele yake, fundi wa studio alikuwa anaosha mwenyewe weusi na weupe ndani ya chumba cha giza. C-41 na digrii zake 37.8 ikamtoa mkononi: yeye akabakia kupiga, labo ikafanya mengine. Studio nyingi za zamani zilikufa hivyo. Wengine walitoka inje, kama wale wapiga picha wa feri ya Likoni kule Mombasa, waliojenga vibanda vyenye kupambwa vizuri na kupeleka filamu zao za rangi labo ya mjini.

Na labo ilikuja na macho yake. Kwa kurekebisha mashine, Kodak ilikuwa inatuma picha ya mfano, na kwa miaka mingi mfano huo ulikuwa mwanamke mweupe. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Lorna Roth, mtafiti wa Canada, aliandika juu yake 2009, na alikuta kwamba kati ya waliosukuma Kodak kurekebisha rangi za kahawia walikuwako watengenezaji wa chokoleti na wa meza za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Chokoleti! Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitoka miaka ya 1990. Lakini tusichanganye. Filamu ya negativu inavumilia mwanga mwingi kupita kiasi, mara mbili ao nne ya lazima, na bado inatoa picha; mwanga kidogo haisamehe, kivuli kinabakia kitupu. Mpiga foto wetu aliyepima mwanga usoni mwa bibi arusi, si kwenye robe nyeupe, na kutumia filamu ya 400 kama vile ni ya 200, alikuwa na kila kitu ndani ya negativu. Mashine ndiyo ilikuwa inamwibia wakati wa kuchapa. Maana yake: picha zingine za zamani ambazo sura za wazee wetu ni nyeusi tititi, negativu yake inaweza kuwa na macho, na mikunjo, na kicheko.

Joto na unyevu si maadui peke yake. Mwaka 1945 Kodak ilianza kupokea malalamiko: filamu za eksirei ziko na madoa. Julian Webb, mwanafizikia wao, alifuata madoa mpaka kwenye kartoni ya majani makavu iliyofungia filamu, iliyotoka kiwanda cha Indiana, na kutoka hapo mpaka vumbi la bomu la kwanza la atomu, lililojaribiwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945 na kushuka na mvua mu mto ambao kiwanda kilichotea maji. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Filamu ilibeba alama ya siri ya Wamarekani.

Turudi nyumbani. Henry Wilhelm, Mmarekani aliyetumia maisha yake kupima kufifia kwa rangi, aliandika 1993 kwamba picha za karatasi za Kodacolor za tangu 1942 mpaka 1953 zimepotea kabisa kama kipindi. Zetu za miaka ya 1970 zinafuata: karatasi za wakati ule zinapoteza siani hata ndani ya albamu iliyofungwa, njo maana arusi zote zinaonekana zilifanyika jioni moja nyekundu. Picha za rangi za wakimbizi wa Goma 1994, zile magazeti ya dunia yalitoa, nazo zilipigwa kwenye filamu, na mashirika makubwa ya habari yako na uwezo wa kutunza negativu zao. Ubatizo, diplome, mechi ya mtaa, hizo ziko chini ya mabati, ndani ya kartoni, ao ndani ya meza ya studio iliyofungwa ambayo watoto wanataka kuuza.

Kwa hiyo mwenye bahasha za negativu kwao, asitupe juu "picha tuko nazo". Shika kwa kingo. Usipanguse kwa mate wala kwa shati. Itoe kwenye plastiki laini inayonuka, uiweke ndani ya karatasi safi, chumba cha chini na kikavu, mbali na dari. Mwenye skana aitumie. Asiyekuwa nayo, simu juu ya kioo cheupe cha kompyuta inatosha kuanza, programu inageuza rangi. Na ukifungua boksi ukasikia harufu ya siki, selulosi imeanza kuachia asidi yake, na mvuke huo unaharibu filamu za jirani: tenga utepe huo kama unavyotenga kiazi kilichooza, na huo njo uanze kuupiga picha, mbele ya yote.