Johann Ludwig Krapf

Johann Ludwig Krapf (1810–1881) alikuwa mmisionari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844. Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alifariki kwa homa, kisha kitoto chao kichanga cha kike, huku Krapf mwenyewe akiwa hoi kitandani. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi hilo ni ishara ya kazi kuanza, wala hakurudi kwao wakati huo. Mwaka 1846 alihamia Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann. Waumini aliowapata walikuwa wachache mno. Uvumilivu wake ulizaa matunda zaidi katika lugha. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, baada ya kifo chake.