SOMO LA HISTORIA: Safari ya Kukingoja Kivuli cha Mwezi, 1919

Wekeni madaftari tayari. Leo tutafuatana na wasafiri wanne waliotoka Uingereza mwaka 1919 kwenda mbali sana kutazama jambo la dakika tano tu: kupatwa kwa jua.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Jua hupatwa mwezi unapopita kati ya jua na dunia. Kivuli cha mwezi huanguka juu ya nchi na kwenda mbio, kikichora njia nyembamba. Mtu aliye ndani ya njia hiyo huona jua limezibwa lote. Mchana huwa kama magharibi, na nyota huonekana. Aliye nje ya njia huona jua limemegwa tu, au haoni kitu. Kwa hiyo anayetaka kuona jua limezibwa lote hana budi kufunga safari akakingoje kivuli njiani.

Sasa, wasafiri wetu walitaka nini? Mwaka 1915, mtaalamu Albert Einstein, aliyekaa Berlin, Ujerumani, alitoa hesabu mpya. Alisema kwamba jua, kwa ukubwa wake, hupinda hata mwanga wa nyota unaopita karibu nalo. Basi nyota iliyo kando ya jua itaonekana imesogea kidogo. Hesabu zilizofuata mafundisho ya zamani ya Isaac Newton, Mwingereza, zilitoa nusu tu ya kipimo hicho. Nani alisema kweli? Mchana nyota hazionekani kwa ukali wa jua. Njia ilikuwa moja: kupiga picha za nyota wakati jua limepatwa, na kuzilinganisha na picha za nyota zile zile zilizopigwa usiku.

Kipimo chenyewe kilikuwa kidogo mno. Fikiria sarafu yenye upana wa sentimita mbili na nusu. Iweke mbali karibu kilomita 3, kisha itazame. Upana wake utakaouona ndio kadiri ya kusogea kwa nyota alikokusema Einstein.

Kumbukeni pia kwamba tangu 1914 mpaka 1918 Waingereza na Wajerumani walikuwa wakiuana vitani. Kuna Mwingereza mmoja, Arthur Eddington wa Cambridge, ambaye dini yake ilimkataza kupigana. Mwaka 1918 alikuwa karibu kulazimishwa kuingia jeshini. Bwana Frank Dyson, mkuu wa wataalamu wa nyota wa serikali, alimwombea, naye akaachwa ili aendelee kutayarisha safari hii. Basi Mwingereza akajitayarisha kwenda kuipima hesabu ya mtu wa Berlin, huku bunduki zikiwa bado zinalia.

Mwenzake Eddington alikuwa Edwin Cottingham, fundi wa saa. Eddington mwenyewe alisimulia kwamba usiku mmoja kabla ya safari, Cottingham aliuliza: je, tukikuta nyota zimesogea hata kupita alivyosema Einstein? Dyson akamjibu kwa mzaha kwamba hapo Eddington atapata wazimu, na Cottingham itambidi arudi nyumbani peke yake.

Tarehe 8 Machi 1919 waliondoka Liverpool kwa meli. Walikuwa wanne: Eddington, Cottingham, Andrew Crommelin na Charles Davidson. Walipofika kisiwa cha Madeira waliachana. Crommelin na Davidson walikwenda Sobral, kaskazini mwa Brazil. Eddington na Cottingham walikwenda Principe, kisiwa kidogo cha Afrika Magharibi kilichotawaliwa na Wareno. Kwa nini wagawanyike? Kwa sababu wingu moja tu lingeweza kuharibu kazi yote. Mwenye busara haweki mayai yote katika kapu moja.

Eddington na Cottingham walifika Principe tarehe 23 Aprili, wakakaribishwa katika shamba la kakao liitwalo Sundy. Vyombo vyao vilikuwa vizito. Sehemu kubwa ya njia vilipita juu ya reli ndogo ya shamba. Lakini palikuwa na mahali, kiasi cha kilomita moja, ambapo reli ilikatika. Hapo vyombo vilibebwa na wapagazi Waafrika katikati ya msitu. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa. Watu wengi waliofanya kazi katika mashamba ya kakao visiwani humo waliletwa kutoka Angola na nchi nyingine zilizotawaliwa na Wareno, na hali yao ilikuwa mbaya, hata mwaka 1909 kampuni kubwa ya Uingereza, Cadbury, ilikataa kununua kakao ya huko. Kama mpagazi mmoja angejikwaa na kioo cha darubini kikavunjika, kazi ya Principe ingeishia palepale.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 29 Mei. Asubuhi mvua kubwa ilinyesha. Adhuhuri ikakatika, lakini mawingu yakabaki. Giza lilipoingia, wale wawili hawakuwa na nafasi ya kutazama juu na kustaajabu. Walikuwa na sekunde 302. Walipiga picha 16 juu ya vioo, wakibadilisha kioo baada ya kioo. Katika nyingi mawingu yalificha nyota. Mbili tu zilitosha kupimwa vizuri. Baada ya siku chache Eddington aliipima mojawapo, kisha akamwambia rafiki yake kwamba hatarudi nyumbani peke yake.

Kule Sobral mbingu ilikuwa safi zaidi. Darubini kubwa ilitoa picha zisizo kali, lakini ile ndogo ilitoa picha saba nzuri. Crommelin na Davidson walikaa Brazil mpaka Julai ili kupiga picha za nyota zile zile zikiwa mbali na jua.

Tarehe 6 Novemba 1919 habari zilitolewa London. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni:

Hesabu ya Newton: 0.87
Hesabu ya Einstein: 1.75
Kipimo cha Principe: 1.61
Kipimo cha Sobral, darubini ndogo: 1.98

Darubini kubwa ya Sobral ilitoa 0.93, lakini kipimo hicho kiliwekwa kando kwa sababu ya ubovu wa picha. Wengine waliuliza kama hilo lilikuwa haki. Ni swali zuri. Picha za Sobral zilipimwa upya kwa mitambo ya kisasa, na matokeo yalitolewa mwaka 1979: zilikubaliana na Einstein.

Ndugu wasikilizaji, kivuli kile hakikuishia Principe. Kilivuka Kongo, kikapita upande wa Ziwa Tanganyika, na jioni kikafika Msumbiji. Kilipita juu ya nchi zilizotoka vitani miezi sita tu iliyopita, ambako wapagazi maelfu kwa maelfu walikufa wakibeba mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Bega la Mwafrika lilibeba risasi kwa ajili ya wazungu waliokuwa maadui. Kule Principe bega hilohilo lilibeba kioo kilichoshuhudia kwamba mtu wa upande wa adui alisema kweli. Vitabu vingi hutaja Einstein na Eddington. Sisi tunaojifunza kusoma na kuandika tuwataje na waliobeba.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wasafiri waligawanyika wawili wawili?
2. Je, ni vema kumwamini mtaalamu kabla ya kupima maneno yake?
3. Ni kazi gani kubwa kijijini kwenu iliyofanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa? Waulizeni wazee, kisha mwandike majina hayo.

Na onyo moja: jua likipatwa, msilitazame kwa macho matupu. Linaweza kupofusha.

Kwaherini.