Gia inajibadilisha?

Madereva wana kitenzi kizuri: kupangua gia. Ndani yake mna mkono, mguu wa klachi na sikio linalosikiliza injini. Kwenye gari la auto tunasema gia “inajibadilisha”, na hiyo -ji- inaficha kazi kubwa. Sensa hupima kasi ya shafti na jinsi ulivyokanyaga mafuta. Kompyuta ya giaboksi huamua, kisha hupeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo zinazoelekeza oili yenye shinikizo. Oili hiyo ndiyo inayobana klachi moja na kuachia nyingine. Magari ya auto ya Oldsmobile ya mwaka 1940 nayo yalitegemea shinikizo la oili, lakini bila kompyuta. Kwa magari ya leo napendelea “inabadilishwa”: mtendaji yupo, na fundi anaweza kumpima.