Mimea ya kutambaa kwa ukuta wenye kivuli

Mimea ya kutambaa kwa ukuta wenye kivuli ni ile inayopanda na kustawi bila jua kali. Mingi asili yake ni msituni, ambako huota chini ya miti mikubwa na kupanda mashina yake kuufuata mwanga. Katika kuichagua huangaliwa kivuli, namna mmea unavyojishika, na hali ya ukuta.

Kivuli
Karibu na ikweta, upande ambao ukuta umeelekea hautoshi kuupa kivuli cha mwaka mzima. Dar es Salaam, jua la adhuhuri huwa kaskazini kuanzia Machi hadi mapema Oktoba, kisha huhamia kusini. Kivuli cha kudumu hutokana na mwembe, nyumba ya jirani au upenu. Chini ya upenu mvua haifiki, hivyo shimo huchimbwa sentimita 30 hadi 45 kutoka ukutani, hutiwa mboji, na mche huelekezwa ukutani kwa kijiti.

Aina
Mtambuu (Piper betle) na mpilipili manga (Piper nigrum) hupenda kivuli chepesi na unyevu, na huifaa sana pwani. Hujishika kwa mizizi mifupi inayochipuka kwenye pingili. Monstera (Monstera deliciosa), yenye asili ya Mexico hadi Panama, huvumilia kivuli kizito zaidi, lakini utomvu wake huwasha mdomo, kwa hiyo haifai palipo na watoto wadogo au mbuzi. Mtini mtambaa (Ficus pumila) wa Asia ya Mashariki una majani ya namna mbili: matawi machanga hubandika vijani vidogo bapa ukutani, yaliyokomaa huchomoza nje yakiwa na majani makubwa magumu, na hayo hupogolewa. Asumini huvumilia kivuli kiasi, ila maua hupungua. Bogenvilia huhitaji jua.

Ukuta
Mtini mtambaa upandwe kwenye ukuta imara wa zege au mawe pekee. Kwenye kuta kuukuu za matumbawe na chokaa, mizizi yake hupenya nyufani na kubandua lipu. Huko ni heri mmea unaofungwa, kama asumini, uwekwe kwenye fito au waya zilizoachana na ukuta kwa sentimita 5 au zaidi. Hewa hupita, unyevu hukauka, na ukuta unaweza kupakwa chokaa upya bila kuung'oa mmea.