Kuzuru Marekani kwa gari-nyumba kubwa: Urefu ndio huamua pa kulala

NCHINI Marekani wapo wastaafu wengi ambao, watoto wanapokwisha kujitegemea, huuza nyumba pamoja na vyombo vyake, wakanunua gari lenye kitanda, jiko, choo na bafu, kisha wakashika njia. Baadhi yao huzunguka miezi michache kila mwaka na kurejea kwao. Wengine hawana tena makao ila hilo gari. Kwa hawa wa pili, suala la pa kulala si la burudani: gari likikosa pa kuegeshwa jioni, jamaa hao wamekosa makao usiku huo.

Gari la aina hii, ambalo kwa Kiswahili laweza kuitwa gari-nyumba, huundwa kwa vipimo mbalimbali. Lililo dogo halipiti sana matatu ya abiria 14. Lililo kubwa hujengwa juu ya chesisi mithili ya ile ya basi au lori, aghalabu likiwa na injini ya dizeli upande wa nyuma, na hufikia futi 45, yaani karibu mita 14. Mabasi mengi yanayobeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa yana takriban mita 12. Upana wake ni futi 8 na inchi 6 (mita 2.6) bila kuhesabu vioo, na kimo chake hupita futi 12 pindi mitambo ya kupooza hewa iliyo juu ya paa inapojumuishwa. Isitoshe, wenye magari hayo huvuta gari dogo nyuma ili walitumie kwenda sokoni au hospitalini. Msafara mzima huweza kuzidi futi 60.

Kifaa kikubwa kiasi hicho hutarajiwa kuendeshwa na mtu aliyefuzu mafunzo maalumu. Hali sivyo ilivyo. Mkenya aliyezoea kuona dereva wa basi akidaiwa leseni ya daraja lake atashangaa kusikia kwamba katika majimbo mengi ya Marekani leseni ya gari la kawaida hutosha, hata kwa mzee wa miaka 70 ambaye hajawahi kuendesha chombo kikubwa kuliko gari la familia. Texas ni miongoni mwa majimbo yasiyokubali hivyo: gari linalopita pauni 26,000 (karibu tani 12) huhitaji leseni ya daraja la juu zaidi. California nayo hudai leseni ya aina hiyo kwa gari-nyumba linalozidi futi 40, na magari hayo huruhusiwa katika barabara zilizoteuliwa tu. Majimbo mengi yameweka kikomo cha futi 45.

Hata hivyo, sheria za barabarani si kizuizi kikubwa. Tatizo lenyewe liko katika mbuga za kitaifa, ambako ndiko wengi wa wastaafu hao walitamani kwenda tangu ujana wao. Viwanja vingi vya kambi katika mbuga hizo vilichongwa katika miaka ya 1930, wakati serikali ilipowaajiri vijana wasio na kazi kujenga barabara na kambi, na vingine kati ya mwaka 1956 na 1966 chini ya mpango mkubwa wa kukarabati mbuga. Wakati huo mgeni alikuja na hema, au na kitrela kifupi. Kampuni ya Winnebago ya Forest City, Iowa, ambayo jina lake limekuwa kama jina la magari-nyumba yote, ilianza kuyaunda mwaka 1966. Kambi zilitangulia, magari yakafuata na kuzidi kurefuka. Miti haikusogea.

Mfano mzuri ni Grand Canyon, jimboni Arizona. Katika kambi ya Mather, iliyo kwenye ukingo wa kusini wa korongo hilo, gari lisizidi futi 30, na hakuna umeme wala bomba la kuunganishwa na gari. Kambi jirani, Trailer Village, hupokea magari ya hadi futi 50, ina umeme, maji na mfereji wa majitaka, na dereva huingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kurudi nyuma. Kambi zote mbili zimo katika mbuga hiyo hiyo, na asiyejua tofauti hiyo huweza kudhani mbuga nzima imemkataa. Katika bonde la Yosemite, California, kikomo ni futi 40, na nafasi zinazofikia urefu huo ni chache mno. Mwenye futi 45 hana nafasi humo.

Barabara za mbuga zina masharti makali kuliko kambi. Katika mbuga ya Glacier, Montana, barabara maarufu ya Going-to-the-Sun, iliyozinduliwa mwaka 1933, imechongwa ubavuni mwa mlima. Katika sehemu yake ya juu hairuhusu gari linalozidi futi 21 kwa urefu wala futi 8 kwa upana, vioo vikiwemo. Gari-nyumba kubwa limekwisha kuvunja masharti yote mawili kabla halijawashwa. Huko South Dakota, handaki la Needles Eye lina upana wa futi 8 hivi, na watalii husimama kando yake kutazama hata magari ya kawaida yakipenya. Njia ya kushukia bonde la Chisos katika mbuga ya Big Bend, Texas, haifai kwa gari-nyumba linalopita futi 24, kwa jinsi kona zake zilivyo kali.

Kisa cha Zion, jimboni Utah, kinaonyesha jinsi mambo yanavyobadilika. Handaki la mbuga hiyo lilikamilika mwaka 1930 na lina zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwa miaka mingi magari makubwa yaliruhusiwa kupita katikati yake kwa ada, baada ya walinzi kusimamisha yale yanayotoka upande wa pili. Wasimamizi wa mbuga baadaye walitangaza kuwa kuanzia katikati ya mwaka 2026 magari yanayozidi vipimo vilivyowekwa, kikiwemo kimo cha futi 11 na inchi 4, hayatapita tena humo bali yatazunguka kwa barabara za nje. Ramani ya zamani, au simulizi la rafiki aliyepita huko miaka mitano iliyotangulia, si mwongozo wa kutegemewa.

Ndipo gari dogo linalovutwa linapofaa. Mwenye gari-nyumba huliacha kubwa kambini nje ya mbuga, akaingia milimani kwa dogo. Lakini dogo hilo lina kasoro yake: likivutwa huku magurudumu yake yote manne yakigusa ardhi, msafara hauwezi kurudi nyuma. Magurudumu ya mbele hujikunja na kuburuzwa kombo. Dereva akiingia njia isiyo na pa kugeuzia, hana budi kushuka, kulifungua dogo, kuliondoa, kisha kulirudisha nyuma kubwa huku foleni ya magari ikimsubiri. Wanaofika kituo cha mafuta hutazama kwanza njia ya kutokea, ndipo wakaingia.

Kimo nacho kina hatari zake. Katika mji wa Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililojengwa mwaka 1940 ambalo kwa miongo mingi lilikuwa na nafasi ya futi 11 na inchi 8 chini yake. Malori na magari-nyumba yaliambuliwa mapaa hapo mara nyingi hivi kwamba wakazi walilibandika daraja jina la kifungua kopo. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, kimo ambacho bado hakitoshi kwa gari-nyumba refu. Hali kadhalika, barabara za zamani za mandhari katika majimbo ya New York na Connecticut zina madaraja ya tao yaliyo chini mno, na magari ya aina hii yamepigwa marufuku humo. Mtambo wa kawaida wa kuelekeza njia kwa setilaiti haujui kimo cha gari. Humpeleka dereva huko bila kusita. Ipo mitambo iliyoundwa kwa ajili ya malori na magari-nyumba, ambayo hutiwa vipimo kwanza, na wengi hubeba pia atlasi ya madereva wa malori. Kimo halisi hupimwa kwa mkono, kuanzia ardhini hadi kilele cha mtambo wa juu ya paa, kikaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mbele ya usukani.

Mahandaki ya chini ya maji huko Baltimore yana sharti la namna nyingine: magari yenye mitungi mikubwa ya gesi ya kupikia hayaruhusiwi kupita. Gari-nyumba lenye mtungi wa aina hiyo hulazimika kuzunguka mji.

Kuhusu kutafuta kambi yenyewe, kosa la kwanza huwa katika kutaja urefu. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari ni jina la toleo; si lazima iwe kipimo. Gari linaloitwa 40 laweza kuwa na futi 41 kuanzia bampa hadi bampa, na ngazi ya nyuma au chuma cha kuvutia huongeza zaidi. Kambi za serikali kuu hukodishwa kupitia tovuti ya Recreation.gov, nyingi miezi sita kabla, na nafasi ndefu ndizo huisha kwanza. Anayepunguza futi chache ili mtambo umkubalie hufika akakuta mti palipostahili kuwa na mkia wa gari lake, na mlinzi ana haki ya kumrudisha.

Kosa la pili ni kuamini tangazo. Kambi za watu binafsi hupenda kujinadi kuwa zinapokea magari makubwa. Hilo laweza kuwa kweli kuhusu nafasi ya kuegesha na lisiwe kweli kuhusu njia ya kuifikia. Anayepiga simu aulize kona ya mwisho kabla ya nafasi ina upana gani, matawi yako juu kiasi gani, na je, kuna pa kuchomoza vyumba vya ubavuni. Magari haya huwa na sehemu za ukuta zinazosukumwa nje kwa mota ili kupanua sebule, na nguzo ya umeme ikisimama vibaya, sebule haifunguki. Picha za setilaiti zinazopatikana bure kwenye intaneti huonyesha mengi ambayo mwenye kambi hakuyataja. Gari likionekana humo limeegeshwa huku pua yake ikiwa njiani, jibu limepatikana.

Umeme pia hutofautiana. Soketi ya ampea 30 hutoa takriban wati 3,600. Ile ya ampea 50 hutoa hadi wati 12,000. Gari-nyumba kubwa lenye mitambo miwili au mitatu ya kupooza hewa linaweza kuishi kwa soketi ndogo, ila wenyewe watachagua kati ya ubaridi na kupika. Katika joto la Arizona mwezi Julai, huo si uchaguzi mwepesi kwa mwenye maradhi ya moyo.

Kwa wasiokuwa na kambi, kuna njia nyingine. Baadhi ya maduka ya Walmart huruhusu kulala katika maegesho yake, lakini uamuzi ni wa meneja wa kila duka na kanuni za mji husika, hivyo ni lazima kuuliza. Ardhi ya umma iliyo chini ya idara ya serikali kuu ya usimamizi wa ardhi, hasa majimbo ya magharibi, kwa kawaida huruhusu kupiga kambi bila malipo kwa siku 14 katika kila kipindi cha siku 28. Hakuna maji, hakuna umeme, na majitaka hubebwa ndani ya tangi hadi penye kituo cha kuyamwaga. Mwenye gari zito hutembea kwa miguu njia ya mchangani kabla ya kuingiza tani 20 humo, kwa kuwa lori la kuvuta chombo kama hicho ni ghali na huchelewa.

Mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, hufurika kila majira ya baridi kwa sababu hiyo. Jangwa linaouzunguka lina maeneo ambako mtu hulipa ada moja na kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na mwezi Januari uwanda mzima huonekana kama mji wa mapaa meupe. Huko urefu hauna maana. Nafasi ipo.

Mgeni kutoka Afrika Mashariki anayekodi gari-nyumba kwa likizo hapati kwa kawaida lile la futi 45. Kampuni za kukodisha hutoa zaidi ya kati ya futi 19 na futi 30 hivi, na hayo huingia katika kambi nyingi zilizotajwa hapa, Mather ikiwemo. Ugumu wake wa kwanza utakuwa kuendesha upande wa kulia wa barabara, na wa pili kukumbuka kuwa mkia wa gari hupanuka kuelekea nje anapokata kona.

Waliolifanya gari kuwa makao hukabiliwa na jambo ambalo ramani haionyeshi: siku dereva asipoweza tena kuendesha. Macho hupungua, au mke aliyekuwa akisimama nyuma na redio ya mkononi kuelekeza hufariki. Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na wanandoa Joe na Kay Peterson, kilijenga mjini Livingston, Texas, kituo cha wanachama waliofikia hali hiyo. Waliegesha magari yao humo, wakaendelea kulala katika vitanda vyao wenyewe, na kupata chakula na uangalizi wa mchana katika jengo lililo karibu.