Ndoto za Mchana na Historia ya Tumbi

Kiswahili kina neno moja, ndoto, kwa mambo mawili: yale mtu ayaonayo usingizini na yale ayatamaniyo akiwa macho. La kwanza tumelipa heshima. Mganga akisema ameoteshwa dawa, hatumwulizi shahada. La pili tumelidhihaki. Mwenye kuwaza makubwa huambiwa anaota ndoto za Alinacha, yule wa Alfu Lela Ulela aliyenunua vyombo vya kioo kwa urithi wake wote, akakaa kando ya bidhaa zake akiwaza utajiri na ndoa na binti wa waziri, hata akampiga teke mke huyo wa mawazoni na kuvunja kila kitu.

Historia ya Tumbi, Kibaha, yatutaka tuipime upya heshima hiyo na dhihaka hiyo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa nchi yenye madaktari na wahitimu wachache kiasi kile, kuwashinda maadui hao ilikuwa ndoto ya mchana. Hata hivyo, mwaka 1963 ulianzishwa Kibaha, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, mradi wa pamoja baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki. Ulikuwa na shule ya sekondari dhidi ya ujinga, kituo cha afya dhidi ya maradhi, na kituo cha mafunzo ya wakulima dhidi ya umaskini. Kila adui alipewa majengo, watumishi na bajeti. Mwaka 1970 Serikali ilikabidhiwa mradi huo, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha afya ndicho kilichokua kikawa Hospitali ya Tumbi, inayopokea majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo.

Wapo watakaosema kwamba zile zilikuwa fedha za wageni. Ni kweli; lakini fedha za wageni zimepita pia katika miradi mingi ambayo leo haina hata kibao.

Linganisha na mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wa kijiji cha Samunge, Loliondo, alisema Mungu alimwotesha dawa. Kikombe kiliuzwa shilingi 500. Maelfu walifunga safari. Wapo walioacha vitanda vya hospitali, na wapo waliofia njiani. Kuacha tiba ya hospitali kulikuwa hatari kubwa. Lakini wasomi tuliowacheka hatukujiuliza swali la msingi: mgonjwa yule alikimbia nini? Naamini ndoto ya usiku ilijaza pengo lililoachwa na ndoto ya mchana isiyomfikia.

Sasa tunayo Dira ya 2050. Sioni haja ya kubishana kama ni kubwa mno. Kosa la Alinacha halikuwa kuwaza makubwa; lilikuwa kuuweka mtaji wote karibu na mguu wake, pasipo mtu wa kumhoji. Tena mtaji ule ulikuwa wake mwenyewe. Huu ni wetu sote. Kwa hiyo, kiongozi akitusimulia ndoto, mwanafunzi, mwanaharakati na mtumishi wa umma wamwulize: jengo litakaa wapi, nani atafanya kazi ndani yake, fedha zimetengwa katika bajeti ya mwaka gani, na vioo vikivunjika, atalipa nani?