Pango Lililozaa Mchezo

Msomaji, huenda umepata kucheza mchezo wa kompyuta, ukaingia katika nchi isiyokuwapo duniani, nawe ukaiamini. Je, nchi ya kubuni huaminika kwa nini? Wengi hudhani kuwa ni kwa uzuri wa picha na rangi. Historia ya mchezo mmoja yakanusha dhana hiyo.

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, liko pango la Mammoth, refu kuliko mapango yote yajulikanayo. Zaidi ya kilometa 640 zake zimekwisha kupimwa. Miongoni mwa watu waliotambaa gizani kulipima walikuwamo Will Crowther, mtunga programu za kompyuta, na mkewe Patricia. Mwaka 1972 Patricia alikuwa katika kundi lililovumbua njia ya kuliunganisha pango hilo na mapango jirani ya Flint Ridge.

Baadaye wawili hao waliachana. Crowther, akitaka kuwafurahisha binti zake, alitunga mchezo uitwao Adventure kati ya mwaka 1975 na 1976. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu. Kompyuta ilieleza mahali, na mchezaji alitoa amri fupi: kwenda kaskazini, au kuchukua taa. Lakini mlango wa nondo, vijia vyembamba, vyumba na mashimo, vingi alivitoa katika pango alilolijua kwa magoti yake. Mwaka 1977 Don Woods, katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliongeza hazina nyingi na zimwi lindalo daraja. Uongo ulipandwa juu ya kweli, ukaota mizizi. Wachezaji waliliamini zimwi kwa sababu walikwisha kuliamini pango.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukibuni mto, ujue maji yake yatoka wapi na yaenda wapi. Ukijenga mji, ujue wakazi wake wala nini, na ukuta wake ulijengwa kwa kumwogopa nani. Neno moja lisilo na sababu huweza kuibomoa nchi nzima.

Basi, kabla hujaumba ulimwengu wako, ipime kwanza nchi uliyozaliwa. Hesabu hatua toka nyumbani hadi mtoni. Waulize wazee kwa nini kilima kile kina jina lile. Asiyeijua njia ya kwao hawezi kumwongoza mgeni katika nchi ya ndoto.